Mbabula Chumbani: Mwongozo wa Kuchagua na Kutumia Kigunduzi cha Hewa Sumu Bunagana

Bunagana iko chini ya mlima Sabinyo, ambao kilele chake kinapita mita 3,600, na baridi inayoshuka kutoka huko usiku anaifahamu kila anayeishi hapa mpakani na Uganda. Msimu wa mvua, mama akimaliza kupika maharage, mbabula, yaani jiko la makala, bado ina makala mekundu. Ni kawaida kuiingiza ndani ili watoto walale kwenye joto. Mlango unafungwa kwa komeo, nafasi kati ya mbao zinazibwa kwa katoni au turubai, jamaa wanalala. Asubuhi wengine wanaamka na kichwa kizito wakidhani ni malaria. Wengine hawaamki, na majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi au chakula kilichotiwa sumu.

Sumu ipo kweli, lakini haikuletwa na mtu. Inatoka kwenye makala. Jina lake ni kaboni monoksaidi, na kuna kifaa kidogo kinachotoshea kiganjani ambacho kinaweza kuigundua na kupiga kelele kabla haijawalaza usingizi wa mwisho. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukichagua, pa kukiweka, jinsi ya kukitunza na la kufanya kikilia. Unaeleza pia kile ambacho hakiwezi kufanya, maana anayekitegemea kupita uwezo wake yumo hatarini kuliko asiyekuwa nacho.

Kanuni moja itangulie kabla ya fedha yoyote kutumika: mbabula hailali na watu. Kigunduzi ni mlinzi wa pili. Mlinzi wa kwanza ni wewe unayeitoa nje.

Hewa hii ni nini na inaua vipi

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala haikohozeshi. Moshi wa kuni za mikaratusi utakuamsha na kukutoa nje ukilaani. Hewa hii haikuamshi. Ina uzito unaokaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haikai chini wala haipandi juu peke yake. Inasambaa chumba kizima, kitandani na mkekani sawasawa.

Ikivutwa inaingia kwenye damu na kuishika himoglobini, ile sehemu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama abiria aliyekalia kiti cha basi na kukataa kushuka: basi linapita vituo vyote, lakini aliyepaswa kupanda hapati nafasi. Moyo unaendelea kupiga, mapafu yanaendelea kuvuta, na bado ubongo unakosa oksijeni. Mfaransa Claude Bernard alieleza jambo hili katika miaka ya 1850, na tangu hapo sayansi haijaacha shaka juu yake.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na akili kuchanganyikiwa. Ndiyo maana watu wengi huisingizia malaria au uchovu. Mambo mawili yatakusaidia kuitofautisha: kwanza, watu wa nyumba moja wanaugua kwa pamoja, pili, wanapata nafuu wakitoka nje na wanaumwa tena wakirudi ndani. Homa ya malaria haijali kama uko ndani au uani.

Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye ugonjwa wa moyo au wa kifua, na mama mjamzito. Mtoto aliye tumboni huathirika zaidi ya mama yake, na sumu huchelewa kutoka kwenye damu yake. Mama anaweza kuona ameumwa kichwa tu, kumbe mtoto ameumia vibaya. Zaidi ya hayo, sisi wa nyanda za juu tunavuta hewa nyembamba. Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunagana iko juu zaidi. Mwili unaoanza na oksijeni kidogo hauna akiba kubwa ya kupoteza.

Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa

Wengi wanaamini kwamba makala yakishashika vizuri, moshi ukaisha, basi sumu nayo imeisha. Imani hii imeua watu wengi, na inafaa ivunjwe kwa maelezo, maana amri peke yake haitoshi.

Makala ni kaboni karibu tupu. Yakipata hewa ya kutosha hutoa kaboni dayoksaidi. Lakini ndani ya mbabula iliyojaa, hewa inayoingia kwa chini huishiwa oksijeni inapopanda katikati ya makala ya moto, na kinachotoka juu kina kaboni monoksaidi nyingi. Umewahi kuona vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya makala? Hiyo ndiyo hewa yenyewe inayoungua. Vindimi vikizimika na makala yakabaki mekundu kimya, au yakafunikwa jivu ili yadumu hadi asubuhi, hewa ile haiungui tena. Inatoka mbichi na kuingia chumbani. Saa ambayo mbabula inaonekana salama ndiyo saa ambayo watu huiingiza ndani, na ndiyo saa mbaya.

Mbabula iliyoboreshwa, ile yenye udongo ndani, inapunguza makala unayonunua na hivyo inasaidia mfuko wako na msitu wa Virunga. Haiondoi sumu. Nayo ilale nje.

Chanzo cha pili ni jenereta. Injini ndogo ya petroli hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko mbabula yoyote. Ikiwashwa barazani, kwenye korido ya duka, nyuma ya ukumbi wa mkesha au chini ya dirisha la nyumba ya wageni, moshi wake hupenya ndani hata kama mlango umefungwa. Iweke angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha yako na ya jirani. Kuikinga mvua kusiwe sababu ya kuiingiza ndani. Ijengee kibanda kilicho wazi pande zote.

Chanzo cha tatu kinawahusu madereva wanaosubiri forodha. Kulala kwenye kabini ya lori vioo vikiwa vimefungwa, injini ikiunguruma au jiko dogo la makala likiwa miguuni, ni hatari ileile katika chumba kidogo zaidi.

Kuchagua kigunduzi

Kigunduzi hiki hakiuzwi kila duka. Ukikikosa Bunagana na Kisoro, ulizia maduka ya umeme na vifaa vya zimamoto Goma, Kigali au Kampala. Kama una ndugu Ulaya au Marekani anayekuuliza akutumie nini, mwambie hiki: ni chepesi, na huko kinauzwa madukani kama taa na betri. Unapokishika mkononi, kabla hujalipa, kagua mambo haya.

Kinagundua nini? Soma boksi. Lazima paandikwe kwamba ni cha kaboni monoksaidi, au alama yake ya kikemia, CO. Kigunduzi cha moshi ni kitu kingine. Kinangoja moto na moshi, na makala mekundu hayatakiamsha. Kigunduzi cha gesi ya kupikia nacho ni kitu kingine. Angalia pia alama isiwe CO2, maana hiyo ni hewa tofauti kabisa. Vipo vifaa vinavyounganisha moshi na kaboni monoksaidi, navyo ni vizuri mradi boksi linataja vyote viwili waziwazi.

Kimepimwa kwa kiwango gani? Tafuta maandishi EN 50291, ambacho ni kiwango cha Ulaya, au UL 2034, cha Marekani. Cha nyumbani huandikwa EN 50291-1. Cha magari na mashua ni EN 50291-2, na hicho ndicho kinachomfaa dereva wa lori. Kifaa kisicho na jina la mtengenezaji, kisicho na kiwango wala tarehe, kiache dukani hata kama bei yake inavutia. Ukimya wake utakupa moyo usiostahili kuwa nao.

Kimetengenezwa lini? Kipimo kilicho ndani huchakaa hata kama kifaa hakijawahi kuwashwa. Vingi hudumu kati ya miaka 5 na 10, na tarehe ya mwisho huandikwa nyuma. Kwenye masoko ya vitu vya mitumba, kifaa kinaweza kuonekana kipya na kumbe muda wake umekwisha. Geuza, soma, na kama tarehe haisomeki, usinunue.

Kinatumia umeme gani? Kwetu jibu ni betri. Kinachochomekwa ukutani kitalala siku umeme utakapokatika, na usiku wa umeme kukatika ndio usiku wa jenereta na mbabula. Bora zaidi ni kile chenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani kwa maisha yake yote: hakuna atakayeitoa ili aiweke kwenye redio au tochi. Kama ni cha betri za kubadilisha, nunua betri za kampuni inayojulikana, na uweke mbili za akiba.

Kina kioo cha namba? Kikiwa nacho, lipa ile nyongeza. Sababu yake itaonekana hapo mbele.

Kuna pia vikadi vyenye doa linalobadilika rangi hewa sumu ikiwapo. Vinauzwa kwa bei ndogo, lakini havilii. Aliyelala hatazami kadi. Usivinunue kwa ajili ya chumba cha kulala.

Kisichogunduliwa na kifaa hiki

Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Inaua mbuzi, mbwa na watu, na alfajiri tulivu ndiyo saa yake. Hewa hiyo ni kaboni dayoksaidi, CO2. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana hukaa chini kama maji. Kigunduzi cha kaboni monoksaidi hakiioni. Utasimama nacho mkononi katikati ya mazuku nacho kitakaa kimya. Ukihamia Goma kutoka Bunagana, usikitegemee kuchagua kiwanja. Waulize wenyeji wa mtaa, na ufuate maelekezo ya Kituo cha Volkano cha Goma, OVG, ambacho ndicho chenye kazi hiyo.

Tofauti hii inaharibu pia kipimo cha mshumaa. Penye mazuku nzito mwali huzimika, na watu wakadhani kwamba penye mwali unaowaka hewa ni salama. Chumbani penye mbabula mshumaa utaendelea kuwaka vizuri huku waliolala wakifa, kwa sababu kaboni monoksaidi huua kwa kiasi kidogo mno, kisichoweza kuzima moto. Wala kuku waliolala jikoni si walinzi. Wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walishuka na ndege mdogo ndani ya tundu hadi mwaka 1986, lakini ndege yule alikuwa anatazamwa na mtu aliye macho.

Vilevile kifaa hiki hakigundui gesi ya kupikia inayovuja kwenye chupa, wala mvuke wa petroli. Kila hatari ina dawa yake.

Pa kukiweka

Kama una kimoja tu, kiweke chumba wanamolala watu. Maelekezo mengi yanayokuja na boksi yanawaza nyumba za Ulaya, zenye mashine ya kupasha joto jikoni na vyumba vya kulala ghorofani. Nyumba yetu ya mbao yenye vyumba viwili ni tofauti, na sumu yetu huingia kwa miguu ya mtu aliyebeba mbabula. Panapolala watoto ndipo penye haja.

Kama watu wanalala vyumba mbalimbali, kila chumba kinastahili chake; kama haiwezekani, kiweke mahali ambapo kelele yake itasikika na kila aliyelala, hata milango ya ndani ikiwa imefungwa. Jaribu kwa kubonyeza kitufe mtu mwingine akiwa amelala chumba cha mwisho, mvua ikipiga bati. Mvua ya Bunagana juu ya mabati ina sauti kubwa kuliko unavyodhani.

Kitundike ukutani kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyelala au juu kidogo, au kiweke juu ya rafu isiyozibwa. Kama unakiweka juu karibu na dari, kishuke sentimita 15 kutoka darini, na kiwe juu ya kimo cha mlango na dirisha. Kama kuna kitu kinachowaka chumba hichohicho, kiwe mbali nacho kati ya mita 1 na 3.

Usikiweke nyuma ya pazia, ndani ya kabati, chini ya kitanda wala nyuma ya gunia. Usikiweke karibu na dirisha au tundu la hewa, kwa sababu kitapima hewa safi ya nje na kukudanganya. Usikiweke juu ya sufuria, maana mvuke na mafuta huharibu kipimo. Usikiweke bafuni.

Na jikoni je? Hapa niseme wazi. Jiko la makala lililo ndani litakifanya kilie karibu kila unapopika, na kifaa kinacholia kila siku huishia kutolewa betri. Kikifanya hivyo hakijakosea. Kinakwambia ukweli kuhusu hewa unayovuta wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Dawa yake ni kupika nje au chini ya paa lililo wazi pande mbili. Ukikishusha kifaa ukutani kwa sababu kinakera, umemfukuza mlinzi kwa kosa la kusema kweli.

Kusoma namba zake

Namba kwenye kioo inahesabu sehemu za hewa sumu ndani ya sehemu milioni moja za hewa. Kifaa hakilii mara tu kinapoona namba. Kinahesabu namba pamoja na muda, kwa sababu hewa kidogo kwa muda mrefu inadhuru kama hewa nyingi kwa muda mfupi.

Kwa kiwango cha EN 50291, kengele hulia hivi: kwenye 50, baada ya dakika 60 hadi 90, kwenye 100, baada ya dakika 10 hadi 40, kwenye 300, ndani ya dakika 3. Kwenye 30 hakiruhusiwi kulia kabla ya saa mbili kupita. Kiwango cha UL 2034 kinavumilia zaidi: kwenye 70 kinaweza kungoja saa moja hadi nne, kwenye 150 dakika 10 hadi 50, na kwenye 400 dakika 4 hadi 15. Ukipata vyote viwili dukani na una mtoto mchanga, chukua cha Ulaya.

Viwango hivi viliwekwa ili mtu mzima mwenye afya aweze kuamka na kutembea kabla hajazidiwa. Havikuwekwa kwa ajili ya mjamzito au mtoto wa miezi miwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa saa nane hewa ya ndani isizidi miligramu 10 kwa mita moja ya ujazo, ambayo kwenye kioo chako ni karibu 9. Hii ndiyo faida ya kioo cha namba. Ukiona 15 au 20 jioni, kifaa kikiwa bado kimya, usingoje kilie. Fungua, toa mbabula, tafuta chanzo.

Kukitunza

Bonyeza kitufe cha majaribio mara moja kila wiki. Chagua siku isiyosahaulika, kama Jumapili baada ya ibada au Ijumaa baada ya sala. Kitufe kinathibitisha kwamba betri na kengele vinafanya kazi. Hakithibitishi kwamba kipimo bado kinanusa, ndiyo maana tarehe ya mwisho lazima iheshimiwe. Iandike kwa kalamu ya wino mzito upande wa mbele.

Usikijaribu kwa kukishika juu ya mbabula. Joto na moshi mzito vitakiharibu, nawe utavuta sumu ukikitazama.

Vumbi la volkano na masizi huziba vitundu vyake. Kifute kwa kitambaa kikavu au brashi laini mara moja kwa mwezi, bila sabuni wala dawa ya kupuliza. Ukipaka rangi ukutani au ukipuliza dawa ya mbu, kiondoe kwanza, kisha ukirudishe chumba kikishapata hewa.

Jambo moja linawahusu wenye sola. Betri kubwa za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, na vipimo vingi huichanganya na kaboni monoksaidi. Kifaa kitalia mchana jua likiwaka, bila moto wowote nyumbani. Usikifunge mdomo. Itoe betri chumbani, maana haidrojeni nayo hulipuka, na haina kazi mahali wanapolala watu.

Wafundishe watoto lugha yake. Kwa vifaa vingi, milio minne ya haraka, kimya kidogo, kisha minne tena, maana yake ni hewa sumu. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika moja maana yake ni betri kuisha au kifaa kuzeeka. Karatasi ya maelekezo huja kwa Kiingereza au Kifaransa. Andika yako kwa Kiswahili au Kinyabwisha, uibandike chini yake, ili hata bibi na mfanyakazi wa nyumbani wajue.

Kikilia usiku

Amsha kila mtu na mtoke nje mara moja, hata kama hakuna anayejisikia vibaya. Acha mlango wazi mnapotoka. Usikae kutafuta nguo, simu au pesa. Kusanyikeni mahali mlipokubaliana mapema, mhesabiane kwa majina. Makosa makubwa hutokea hapa: mtu anarudi ndani kumchukua aliyebaki, naye anaanguka mlangoni. Kama lazima umfuate mtu aliye karibu, milango na madirisha yafunguliwe kwanza, ushikilie pumzi, umvute, utoke. Kama huwezi, piga kelele majirani waje kubomoa mbao kutoka nje.

Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu ili asisongwe na matapishi. Asiyepumua, anzeni kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, mkipokezana, huku usafiri ukitafutwa.

Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Havigusi sumu iliyo kwenye damu, na aliyezimia vitamsonga. Usimmwagie maji ya baridi. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwenye damu baada ya saa nne hadi tano hivi. Kwa oksijeni safi ya hospitali, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mpeleke kituo cha afya cha karibu, na wakishauri kumhamisha, kuna hospitali kuu ya Rutshuru, na ng'ambo ya mpaka hospitali za Kisoro na Mutolere.

Ukifika, mwambie muuguzi maneno haya kabla hajauliza: "Tulilala na mbabula," au "Jenereta ilikuwa karibu." Neno hilo linaweza kuokoa maisha, kwa sababu dalili zinafanana na malaria, na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinadanganyika: kinahesabu sumu kama oksijeni na kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Mjamzito aende hata kama amepata nafuu. Walioumwa wote wachunguzwe, maana usahaulifu na maumivu ya kichwa vinaweza kurudi siku au wiki kadhaa baadaye.

Usirudi kulala ndani mpaka chanzo kimetolewa, nyumba imepata hewa na kifaa kimenyamaza chenyewe.

Kama huna kigunduzi leo

Najua hali. Tangu Bunagana ilipotekwa tarehe 13 Juni 2022, watu wa Jomba na vijiji vya jirani wamekimbia na kurudi, wengine wakapitia kambi ya Nyakabande upande wa Uganda, wengine wakalala chini ya maturubai Kanyaruchinya na Bulengo. Anayehesabu sahani alizobaki nazo hana pesa ya kifaa. Na hema la turubai, lililobanwa mawe pande zote ili upepo usiingie, ni chumba kidogo kuliko vyote: mbabula moja humo inatosha kuwaua wote. Haya hayagharimu kitu.

Pika nje. Ukimaliza, mwagia makala maji au yafunike kwenye chombo kilicho uani, si ndani ya nyumba. Yaliyosalia utayatumia kesho. Kama unahitaji joto, joto la maji halina sumu: chemsha maji nje, yatie kwenye chupa imara au bidoni ndogo, funga vizuri, izungushie kitambaa na uiweke miguuni pa watoto. Mtoto mchanga mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunikwe pamoja. Laza watoto kitanda kimoja, tandika katoni au majani makavu chini ya mkeka, maana baridi kali inatoka ardhini. Ziba mbao upande wa upepo ukitaka, lakini acha tundu la juu na la chini wazi upande mwingine. Na elewa kwamba tundu hilo halihalalishi mbabula ndani. Linapunguza hatari, haliiondoi.

Wachungaji, walimu, wahudumu wa afya na wakuu wa mitaa, semeni jambo hili kabla ya kila msimu wa mvua. Wenye nyumba za wageni mpakani, wekeni kigunduzi kila chumba na msimpe mgeni mbabula ya kulala nayo. Mashirika yanayogawa mablanketi yakumbuke kwamba blanketi la ziada ndilo linaloitoa mbabula chumbani.

Mwenye pesa anunue kigunduzi: cha CO, chenye kiwango kilichoandikwa, cha betri, chenye tarehe inayosomeka, akiweke wanapolala watoto. Asiye na pesa atoe mbabula nje. Na aliyekwisha kununua aitoe vilevile, kila usiku, kabla ya kufunga komeo.